Gome la Chile ndani ya chanjo ya malaria: kisa cha watu saba

Aliyempeleka mtoto wa miezi sita kliniki kule Siaya au Homa Bay huenda amemwona nesi akitoa kwenye boksi la baridi vichupa viwili vilivyoshikanishwa kwa kibanio. Kimoja kina unga mweupe. Kingine kina maji yenye ukungu kidogo, pengine yaliyopata rangi ya kahawia hafifu sana. Nesi huvuta yale maji kwa sindano, huyamimina kwenye unga, huuzungusha mchanganyiko taratibu, halafu huandika saa, kwa sababu baada ya saa sita hautakiwi tena kutumika.

Mzazi akiulizwa chanjo ni ipi kati ya hivyo viwili, ataonyesha unga. Hajakosea. Unga ndio wenye kipande cha protini ya kimelea cha malaria, kile ambacho mwili unafundishwa kukitambua. Lakini kisa ninachokichambua hapa kiko kwenye kichupa cha maji.

Mwanzoni mwa 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio la taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, na kampuni iliyotengeneza chanjo huko Ubelgiji. Watu wazima waliojitolea walichanjwa, kisha wakaumwa makusudi na mbu wenye malaria. Wote waliochanjwa walipewa protini ileile, inayoitwa RTS,S. Kilichotofautiana ni maji iliyochanganywa nayo. Kundi la kwanza lilikuwa na watu 8, akakingwa 1. La pili watu 7, wakakingwa 2. La tatu watu 7, wakakingwa 6. Watu 6 ambao hawakuchanjwa waliugua wote.

Protini moja, maji ya aina tatu, na matokeo yanayopishana namna hiyo. Maji ya kundi la tatu ndiyo pekee yaliyokuwa na dondoo la gome la mti unaoota Chile.

Kwanza, kwa nini protini ihitaji msaidizi? Protini safi iliyotengenezwa maabara ni kitu kipole mno. Mwili unaipokea kama mgeni aliyeingia bila hodi na bila fujo, na hakuna anayeamka. Chanjo za zamani zilizotumia kijidudu kizima, kilichouawa au kudhoofishwa, zilikuja na fujo zake zenyewe: mafuta ya ukuta wa bakteria, vipande vya vinasaba, takataka za kila namna zinazoiambia seli ya kinga kuwa hapa pana hatari. Tulipojifunza kuisafisha chanjo, tulisafisha na ile kengele.

Mtu wa kwanza kuliona hili vizuri alikuwa daktari wa mifugo. Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, miaka ya 1920, alikuwa akidunga farasi sumu ya dondakoo iliyopoozwa ili avune kinga kutoka kwenye damu yao. Akagundua kwamba farasi aliyeota jipu mahali alipodungwa ndiye anayetoa kinga nyingi. Mwingine angeona jipu ni hitilafu ya kazi. Ramon akaanza kuyatengeneza: akachanganya chanjo na makombo ya mkate, na saponini, na tapioka, yaani wanga wa muhogo huuhuu wetu. Kinga ikapanda. Vichanganyio hivyo akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia, ndipo lilipotoka adjuvanti. Mimi nitaviita vichocheo. Mwaka 1926 Alexander Glenny huko London akaonyesha kwamba chumvi za alumini zinafanya kazi hiyo bila majipu makubwa, na kwa takriban miaka 70 alumini ikabaki karibu peke yake katika chanjo za binadamu. Chanjo ya pepopunda anayodungwa mama mjamzito inayo.

Alumini inafaa sana kwa pepopunda. Kwa malaria haikutosha, na sababu ni mwendo wa kimelea chenyewe. Mbu akiuma huacha vimelea vichache tu, makumi kadhaa, na ndani ya muda usiofika saa moja vinakuwa vimeingia kwenye ini. Huko kila kimoja huzaa maelfu. Chanjo inayolenga hatua hii ina dakika chache za kukamata vyote: kikiponyoka kimoja, homa itakuja vilevile. Kingamwili zinatakiwa ziwe nyingi mno damuni, zikisubiri, kabla mbu hajatua. Mwaka 1987 chanjo ya mwanzo yenye kipande cha protini hiyo, iliyotiwa alumini, ilijaribiwa Marekani kwa watu sita walioumwa na mbu wa maabara, na akakingwa mmoja tu. Miongoni mwa waliougua alikuwemo Stephen Hoffman, mmoja wa watafiti wenyewe. Alikuwa na imani ya kutosha na kazi yake hata akajitolea mkono.

Mwaka huohuo ndipo RTS,S ilipoundwa. Kipande cha protini ya kimelea kilibandikwa kwenye protini ya virusi vya homa ya ini B, na hamira ikatumika kuzizalisha. Zikijikusanya zinaunda vijidonge vidogo vinavyofanana na kirusi, umbo ambalo mfumo wa kinga unalitazama kwa makini zaidi. Ilikuwa hatua kubwa. Bado, kama kundi la kwanza la 1997 linavyoonyesha, umbo peke yake halikutosha.

Sasa gome.

Mti unaitwa quillay, kwa jina la kitaalamu Quillaja saponaria, na kwao ni Chile ya kati. Hauachi majani mwaka mzima. Wamapuche walitumia gome lake kama sabuni tangu zamani, na jina la kitaalamu lenyewe limebeba neno la sabuni. Ukilivunja gome kavu vipande, ukalitia kwenye maji na kutikisa, povu linapanda na kukaa. Vumbi lake likikuingia puani utapiga chafya mpaka machozi. Povu hilo ni saponini: molekuli yenye upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, kama sabuni yoyote. Viwanda vinaitumia kutia povu kwenye vinywaji, na katika migodi ya shaba inatumika kutuliza mvuke wa tindikali.

Tabia hiyohiyo ya sabuni ndiyo sumu yake. Saponini hushika kolesteroli iliyo kwenye utando wa seli na kuutoboa. Idondoshe kwenye damu, chembe nyekundu zinapasuka. Ndiyo maana kwa miaka mingi ilibaki kwa wanyama. Wataalamu wa mifugo waliichanganya kwenye chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, wakaona inaongeza kinga, na ng'ombe hakuulizwa kama bega linamuuma. Mwaka 1974 Kristian Dalsgaard wa Denmark alisafisha dondoo la gome akapata bidhaa iliyoitwa Quil A. Ilikuwa bora, lakini bado mchanganyiko wa saponini nyingi, kali na pole zikiwa kapu moja.

Hatua iliyofungua mlango wa binadamu ilikuwa kazi ya kuchambua, kama mtu anavyochagua mchele. Charlotte Kensil na wenzake huko Massachusetts walipitisha dondoo kwenye mtambo wa kromatografia, unaotenganisha vitu kwa jinsi vinavyoganda na kupita, na kila kitu kinachotoka kinachora kilele kwenye karatasi. Vilitoka vilele zaidi ya 20. Matokeo yalichapishwa 1991. Kilele cha 18, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kilikuwa na sumu kwa panya. Cha 21 kiliamsha kinga vizuri kwa sumu ndogo zaidi. Jina likabaki hivyo: QS-21, yaani herufi za mti na namba ya kilele. Ni jina la daftari la maabara, na limeshadungwa kwenye mikono ya mamilioni ya watu.

Turudi kwenye jaribio la 1997, maana matokeo yake yanasimuliwa mara nyingi kwa haraka: waliongeza gome, chanjo ikafanya kazi. Mwenye kuchambua hawezi kuishia hapo.

Maji ya kundi la kwanza yalikuwa alumini pamoja na kitu kinachoitwa MPL, mafuta ya ukuta wa bakteria wa salmonela yaliyopunguzwa ukali. Ya kundi la pili yalikuwa tui la mafuta na maji, bila MPL na bila gome. Ya kundi la tatu yalikuwa tui hilohilo, MPL ndani yake, na QS-21 juu yake. Ukiyaweka pembeni utaona pengo: hapakuwa na kundi la tui na MPL bila QS-21, wala la tui na QS-21 bila MPL. Kwa hiyo jaribio linathibitisha kwamba mchanganyiko mzima wa tatu ulishinda. Haliwezi kutenga sehemu ya gome kwenye ushindi huo. Tafiti za wanyama zilizofuata ndizo zilizoonyesha kuwa MPL na QS-21 zikiwa pamoja huamsha kitu ambacho kila moja peke yake haikiamshi.

Kuna la pili, nalo huwa halisemwi. Sindano mbili za kwanza za mchanganyiko wa tatu ziliwaumiza waliodungwa kiasi kwamba ya tatu, iliyokuja miezi kadhaa baadaye, ilipunguzwa hadi moja ya tano ya kipimo. Je, 6 kati ya 7 walikingwa na gome, au na kuchelewesha na kupunguza dozi ya mwisho? Swali lilikaa karibu miaka 20. Liliporudiwa Marekani, matokeo yakichapishwa 2016, waliopewa dozi ya mwisho iliyopunguzwa na kucheleweshwa walikingwa 26 kati ya 30, na waliopewa dozi kamili kwa ratiba ya kawaida 10 kati ya 16. Watu wakachangamka. Likajaribiwa kwa watoto 1,500 huko Siaya, Kenya, na Agogo, Ghana, na huko dozi ndogo haikuishinda dozi kamili. Mtu mzima wa Maryland, Marekani, aliyeumwa na mbu watano kwa siku moja si mtoto wa Siaya anayeumwa kila usiku.

Na la tatu ni idadi. Watu saba. Angeugua mmoja zaidi, tungesema watano kati ya saba, na pengine fedha zisingetoka. Sisemi ilikuwa bahati, kwa kuwa tofauti na wale sita ambao hawakuchanjwa ilikuwa kubwa mno kuitwa bahati. Nasema tu kwamba kuanzia hapo, njia yote iliyofika hadi majaribio ya watoto kule Bagamoyo ilipita kwenye mlango mwembamba namna hiyo.

Ndani ya mwili, kadiri ilivyofuatiliwa kwa panya, kazi huanza saa chache baada ya sindano. Kichocheo huteremka kutoka kwenye msuli hadi tezi ya limfu iliyo karibu, ileile inayovimba tukasema mtoto ana mtoki akipata kidonda mguuni. Seli zilizopangwa ukingoni mwa tezi huimeza QS-21, nayo ikiwa ndani huvitikisa vifuko vya kumeng'enyea vya seli hizo. Seli hupiga kelele kwa kemikali zake, MPL ikibonyeza kengele nyingine kwa wakati mmoja, na seli zinazobeba protini kwenda kuionyesha kwa walinzi hujaa mahali hapo. Baada ya siku chache kichocheo chenyewe kimeondoka. Kilichobaki ni mafunzo. Kwa hiyo gome halikai mwilini likipigana na malaria, na linahitaji kuwepo mahali pamoja na protini, kwa wakati mmoja.

Hili lina uzito mitaani kwetu, ambako kila kona pana chupa ya "kuongeza kinga". Mtu akisikia gome la mti limo kwenye chanjo, ataweza kuhitimisha kuwa basi kutafuna magome kuna maana hiyohiyo. Hakuna. Kilichofanya kazi ni kilele kimoja kati ya zaidi ya 20, kwa kipimo cha mikrogramu 25 kwa mtoto, chini ya nusu ya uzito wa punje ya chumvi ya mezani, kikidungwa kando ya protini maalumu. Bila ile protini, kinga imeamshwa bila kuambiwa adui ni nani.  

Baada ya 1997 yakaja majaribio ya Afrika. Wanaume wa Gambia walikingwa vizuri kwa wiki tisa za kwanza, 71%, kisha kinga ikayeyuka. Watoto 2,022 wa Manhiça, Msumbiji, walipunguziwa vipindi vya malaria kwa takriban 30%. Wakati huo tui la mafuta lilikuwa likiachwa, nafasi yake ikichukuliwa na liposomu, yaani viputo vidogo vya mafuta vyenye kolesteroli. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na ufundi kuliko pote. Saponini hupasua seli kwa sababu inatafuta kolesteroli. Basi ipe kolesteroli yake mapema, ndani ya kiputo, nayo inatulia, haina haja tena ya chembe nyekundu za damu. Ukali unapungua na uwezo wa kuamsha kinga unabaki. Maji hayo mapya ndiyo AS01, na ndiyo yaliyo kwenye kichupa cha nesi wetu. Kwa kipimo kikubwa zaidi yapo pia kwenye chanjo ya mkanda wa jeshi, Shingrix, iliyoruhusiwa Marekani 2017. Watu wazima waliodungwa hiyo wanajua bega linavyouma usiku wake.

Kilifi na Korogwe ziliyajaribu maji haya kwa watoto wa miezi 5 hadi 17: watoto 894, na malaria ikapungua kwa 53% katika ufuatiliaji wa wastani wa miezi minane. Matokeo yalitoka 2008. Likafuata jaribio kubwa la 2009 hadi 2014, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa 36% katika takriban miaka minne.

Kutoka 6 kati ya 7 hadi 36%. Wengi waliiona ni aibu, mimi naona ndipo kisa kinapoeleweka. Kichocheo kinapandisha kingamwili juu sana kwa haraka. Hakiwezi kuzizuia zisishuke. Kilifi waliwafuatilia watoto 447 kwa miaka saba baada ya dozi tatu: mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu 36%, na ukijumlisha miaka yote saba ni 4.4%. Dozi ya nne iliwekwa kwa ajili ya mteremko huo.

Hata hivyo, asilimia ndogo juu ya ugonjwa mkubwa si kitu kidogo. Malawi, Ghana na Kenya zilianza kuitoa chanjo hii kliniki mwaka 2019, Kenya ikizindua Homa Bay tarehe 13 Septemba. Tathmini ya karibu miaka minne ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiacha ajali, vimepungua kwa 13% katika maeneo yaliyopata chanjo. Wasiwasi wa homa ya uti wa mgongo uliojitokeza kwenye jaribio kubwa haukuonekana tena. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

Chanjo ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023, nayo imejengwa kwa protini ya jamaa mmoja na RTS,S. Kichocheo chake, Matrix-M, kinatoka Sweden, na ukikifuatilia kinakufikisha kwenye gome lilelile la Chile. Hakikuchambuliwa hadi kilele kimoja. Kina mafungu mawili ya saponini yaliyofungwa na kolesteroli na mafuta katika vijikapu. Kilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pia, pamoja na Burkina Faso na Mali, kwa watoto 4,800. Bei yake ilitangazwa kuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi, wakati RTS,S ilikuwa euro 9.30. Kwa hiyo chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa duniani zinategemea jamii moja ya mti kutoka nchi moja, yenye misitu inayolindwa na ukame unaojirudia. Gramu moja ya QS-21 inatosha dozi 40,000 za watoto, lakini kuifikia hiyo gramu kunataka gome jingi na kazi ndefu ya kusafisha.

Mwaka 2023 watafiti wa Kituo cha John Innes, Norwich, Uingereza, walichapisha ramani ya hatua ambazo mti hupitia kuitengeneza saponini hii. Mwaka 2024 kundi la Jay Keasling huko California, pamoja na watu wa Norwich, likaihamishia njia nzima kwenye hamira, kwa vimeng'enya 38 vilivyoazimwa kutoka viumbe sita. Hamira iliyokuwa ikitengeneza unga wa kichupa cha kwanza sasa imetengeneza na maji ya kichupa cha pili, kwa siku chache tu. Mavuno ni takriban mikrogramu 100 kwa lita ya mchuzi. Kwa 25 kila sindano, lita hiyo inamtosha mtoto mmoja: mwezi wa sita, wa saba, wa tisa, na ule wa ishirini na nne ambao mama wengi husahau kurudi.